Kulipia Habari za Mtandaoni: Inamlipa Mkulima?

Wiki hizi nimeulizwa swali moja na watu tofauti: "Bwana shamba, nimefungua habari ya bei ya mazao kwenye simu, nikasoma mistari miwili, ikaniambia nilipie kwanza ndipo niendelee. Nilipie?" Swali ni la haki, maana shilingi elfu tatu au nne kijijini ina kazi nyingi. Mimi mwenyewe nalipia gazeti moja la mtandaoni, ila si mwaka mzima, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno "bure". Ukinunua bando la shilingi 1,000 mara tatu kwa wiki, mwezi unaisha umetumia kama 12,000, na aliyekwenda sokoni kuuliza bei hapati hata senti ya bando lako. Na ile bei ya mbaazi unayotumiwa asubuhi kwenye grupu la WhatsApp, umewahi kujiuliza nani kaituma? Mara nyingi ni dalali, au mtu wa dalali. Anataka uizoee bei hiyo kabla hujampigia simu mnunuzi mwingine. Gharama ya habari hiyo utailipa kwenye mizani.

Wenye magazeti nao wamebanwa. Matangazo yaliyokuwa yanalipa mishahara ya waandishi yalihamia Google na Facebook, ndiyo maana The Times la Uingereza lilianza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2010, New York Times mwaka 2011, na kwa jirani zetu wa Kenya, Nation wakafuata mwaka 2021. Hayo ni matatizo yao. La kwetu ni kujua kama ukilipa kuna gunia lako litakalookoka.

Chukua mfano wa mbaazi, kwa sababu hapa Babati hakuna asiyeukumbuka. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ilitangaza kwamba mbaazi zitakazoingizwa nchini mwao kwa mwaka zisizidi tani 200,000. Wakulima wao walikuwa wamevuna sana msimu uliotangulia na bei ya kwao ilikuwa imeshuka. India ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, na huku kwetu ndiyo kwanza watu walikuwa wanavuna. Bei iliporomoka hadi wapo walioona hata kuvuna hakulipi.

Tangazo lile halikuwa siri, na halikuuzwa. Lilikuwa wazi, lakini kwa Kiingereza cha ofisini chenye namba za sheria, na hakuna mtu wa kijiji chetu anayeamka asubuhi akafungua matangazo ya serikali ya India. Alihitajika mtu wa kulisoma, ampigie msafirishaji wa Dar es Salaam, aulize mzigo ulio njiani utapokelewa au utarudishwa, kisha aandike kwa lugha ambayo mimi na wewe tunaielewa. Hiyo ndiyo kazi unayoombwa kuilipia, wala si karatasi yenyewe.

Sasa tuseme kweli. Kwa mkulima ambaye mbaazi zake zilikuwa tayari shambani, habari ile isingebadilisha mengi. Huwezi kuing'oa mbaazi mwezi wa nane upande kitu kingine. Labda angewahi kuuza magunia mawili wiki ile, labda msimu uliofuata angepunguza mistari ya mbaazi na kuongeza maharage. Lakini aliyekuwa bado anakusanya mzigo, huyo kila siku aliyochelewa kujua ilikuwa hasara. Namfahamu mama mmoja aliyeendelea kununua siku tisa baada ya tangazo, kwa fedha ya kikundi. Alikusanya magunia 40 ya kilo mia mia. Piga hesabu: kila shilingi 100 iliyoshuka kwenye kilo ilimtoa 400,000. Gazeti la elfu nne kwa mwezi ni 48,000 kwa mwaka, kwa hiyo shilingi 100 hiyo moja ingemnunulia gazeti la zaidi ya miaka minane. Na bei haikushuka kwa shilingi 100 tu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza alipie au asilipie, namuuliza kwanza: una uamuzi gani mkononi? Kama una mzigo ghalani, au unataka kukopa ununue mzigo, au wiki hii unachagua utapanda nini, habari sahihi ina thamani. Kama huna, unalipia mazungumzo ya kijiweni, na hayo yapo bure.

Kuna mfano wa mahindi pia. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Magrupu yote yakaandika "Kenya wamefunga mpaka". Tarehe 10 Machi zuio likaondolewa kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Hili la pili halikusambaa kama la kwanza. (Habari ya kufunga hukimbia, ya kufungua hutembea kwa miguu.) Lakini tazama tofauti yake kwako: ukiamini wamefunga, unamuuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa. Ukijua wamefungua kwa cheti, unatafuta turubai, unaacha kuanika mahindi kwenye udongo, unapima unyevu, unasubiri.

Vipo usivyopaswa kulipia hata kidogo. Utabiri wa mvua za msimu hutolewa bure na TMA. Bei za jumla za mazao katika masoko ya mikoa hutolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara. Bei ya mnada wa stakabadhi ghalani utaipata kwa katibu wa AMCOS yako, na ni haki yako kumuuliza. Jarida la Mkulima Mbunifu ni bure. Mimi pia ni bure, mshahara wangu umeshaulipa kwa kodi.

Ukiona unahitaji zaidi ya hapo, usikimbilie kulipa. Kwa wiki mbili soma vile wanavyokuachia bila malipo, uangalie habari zao za mazao. Je, wanataja soko gani, siku gani, bei ya kilo au ya gunia, na gunia lenyewe ni la kawaida au lumbesa? Kuna mnunuzi aliyeulizwa, au ni hotuba ya kiongozi iliyonakiliwa? Kama ni hotuba, baki na redio.

Lipa mwezi mmoja mmoja, hata wakikupunguzia bei ya mwaka. Jihadhari na zile huduma za habari kwa ujumbe mfupi zinazokata salio kila siku. Shilingi 100 kwa siku ni 36,500 kwa mwaka, na wengi hawakumbuki hata walijiunga lini. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uulize umejiunga na nini, wakuondoe. Anayekuomba namba ya siri ya akaunti ya fedha ya simu ili "akuunganishe na habari" ni mwizi.

Kwa vikundi nashauri hivi: mmoja mwenye simu nzuri alipiwe kutoka kwenye mfuko, asome, awaeleze wenzake siku ya kikao. Msigawane namba ya kuingilia kama masharti ya gazeti yanakataza, lakini kumweleza mwenzako ulichosoma hakuna anayekuzuia.

Mimi hulipia kuanzia Juni mpaka Oktoba, wakati mbaazi na mahindi ya hapa yanatafuta wanunuzi. Oktoba ikiisha najiondoa, maana kuanzia Novemba maswali yote ninayopigiwa simu ni ya mbegu na mvua.