Udongo Uliofanyizwa kwa Mikono

Mkulima akiulizwa kwa nini shamba lake lina udongo mweusi, na la jirani yake lina udongo hafifu, mara nyingi hujibu kwamba ndivyo Mungu alivyoiumba nchi. Jibu hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, walakini si kwa mashamba yote.

Mwaka 1934 alizaliwa huko Uholanzi mtoto aitwaye Wim Sombroek. Alipokuwa na umri wa miaka 10 ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, iliyoua maelfu ya watu. Jamaa yake walipona kwa mazao ya kishamba kidogo sana. Udongo wa mashamba ya namna ile haukuwa mzuri tangu asili. Chini yake ni mchanga usio na nguvu. Lakini wakulima wa zamani walikuwa wakikata mapande ya majani ya porini pamoja na mizizi yake, wakayatandika zizini yalowe mkojo na mavi ya wanyama, kisha wakayachukua shambani. Waliifanya kazi hiyo baba, mwana na mjukuu, kwa mamia ya miaka, hata shamba likainuka karibu milimita 1 kila mwaka, na mahali pengine likapita futi 3 juu ya mchanga. Mtu huchoka kwa kuifikiri tu!

Sombroek alipokuwa mtu mzima akawa mpima udongo, akafika Brazil katika msitu wa mto Amazon. Huko, katikati ya udongo hafifu wa manjano, mlikuwamo madoa meusi yenye makaa na vigae vya vyungu. Mtu aliyelishwa utotoni na udongo wa mikono ya watu hakuweza kuyapita hivi hivi. Katika kitabu chake cha 1966 aliugawa udongo huo mara mbili: ule mweusi wa mahali walipokaa watu, na mwingine wa kahawia, ambao kwa maoni yake ulitokana na kulimwa muda mrefu.

Mwaka 1988 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitia katika orodha yake kundi la udongo uliofanyizwa na watu, liitwalo Anthrosoli. Siku hizi tabaka lililobadilishwa sharti lifike nusu mita. Likipungua, udongo hubaki na jina la asili yake, na jasho la mkulima hutajwa kama sifa tu. Hapo mkulima ana haki ya kunung'unika, maana hata inchi 10 za udongo mzuri si kazi ya msimu mmoja.

Bwana Sombroek alifanya kazi Kenya pia, katika miaka ya 1970, na yeye na wenzake wawili wakatoa ramani ya udongo wa nchi nzima mwaka 1982. Katika ramani hiyo sentimita 1 ni kilomita 10. Basi alama ya kalamu yenye upana wa nusu milimita hufunika mita 500: zizi, nyumba, na mashamba ya majirani pia. Palipokuwa zizi la babu, ambapo mahindi husimama marefu kuliko pengine, hapawezi kuonekana humo. Atakaye kupaonyesha hana budi kuchimba shimo hapo na jingine ukingoni pasipolimwa, alinganishe rangi na kina cha udongo, kisha apachore katika ramani ya shamba lake mwenyewe.