Mama wa Isevya na kimbunga cha Mafia

Ijumaa ya Mei 3, 2024, mama mmoja wa Isevya, mjini Tabora, aliamka akakuta picha imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Maandishi mekundu, alama za mshangao tele: kimbunga kinakuja, kila aliye Mafia aondoke haraka. Binti yake ni muuguzi huko Mafia, na alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Alipiga simu hata kabla hajanawa uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbebe mtoto, panda boti uvuke Nyamisati. Leo hii."

"Mama, bahari imechafuka. Wamesema vyombo visitoke."

"Na hawa wanaosema mwondoke?"

Ukawa ugomvi. Mama alisema binti ameanza kiburi cha kusoma. Binti akasema afadhali alale kwenye jengo la zahanati lenye kuta imara kuliko kumpeleka mtoto baharini. Simu ikakatwa bila kuagana.

Picha ile haikuwa na tarehe, saa wala jina la aliyeitoa. Hilo peke yake lilitosha kuitilia shaka. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huwa na vyote vitatu, na kwa jambo kama kimbunga hurudiwa mara kwa mara, kwa sababu ya asubuhi huweza kupitwa na wakati ifikapo jioni.

Kinachochanganya wazazi wengi ni maneno yenyewe. Angalizo, lenye rangi ya njano, ni hatua ya kwanza. Tahadhari ni ya chungwa. Tahadhari kubwa ni nyekundu. Rangi hizo hazipimi upepo peke yake. TMA huangalia athari zinazoweza kutokea na uwezekano wa kutokea kwake, ndiyo maana mambo hayo mawili huandikwa chini ya taarifa. Wengi hatufiki huko chini. Tunaona rangi, tunasambaza.

Nguvu ya kimbunga chenyewe hupimwa kwa kipimo kingine. Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, kituo cha kisiwa cha Réunion ndicho hufuatilia vimbunga kwa ajili ya nchi zote za ukanda. Huanza kama mgandamizo mdogo wa hewa. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa huwa dhoruba na hupewa jina. Ukifika 118, ni kimbunga kamili. Kuanzia 166 ni kimbunga kikali. Harikeni za Marekani tunazozisikia redioni, zenye daraja la kwanza hadi la tano, ni kitu kilekile katika bahari nyingine, ila ngazi zao ni tofauti, hivyo "daraja la tatu" la huko halilingani na neno letu lolote moja kwa moja.

Kimbunga cha wiki ile kiliitwa Hidaya, yaani zawadi. Mama wa Isevya ana jirani mwenye jina hilo, na hakupendezwa.

Tabora iko mbali na bahari, na mazoea hayo yana umri mrefu. Kimbunga kilichopiga Zanzibar Aprili 15, 1872 kiliharibu merikebu za Sultani Barghash na mashamba ya mikarafuu. Stanley alikuwa ameondoka Kwihara mwezi mmoja kabla, akielekea pwani. Livingstone alibaki Kwihara akisubiri wapagazi. Habari ya msiba ule ilipaswa kuja Unyanyembe kwa miguu, na msafara kutoka pwani ulichukua miezi. Leo habari hufika kabla ya upepo wenyewe, tena ikiwa imeongezwa chumvi.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa, kikadhoofika kabla ya kufika Dar es Salaam, na watu wakawacheka watabiri. Kudhoofika si kuisha. Usiku wa Jumamosi, Mei 4, TMA ilitangaza kuwa Hidaya kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu Mafia. Mama alishusha pumzi, akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena saa nane za usiku, saa kumi, alfajiri. Haipatikani. Mvua ya kimbunga kilekile "kilichokwisha" ilikata barabara ya kusini upande wa Kilwa, na abiria wa Lindi na Mtwara wakakwama. Upepo hutulia kwanza. Maji huendelea na kazi yake, yakipita vyooni na kuingia visimani.

Jumapili karibu saa nne asubuhi simu iliita. Umeme ulikuwa umekatika na betri ikaisha, ndiyo hadithi yote. Nyuma ya sauti ya binti, mtoto alilia kilio cha kawaida cha njaa.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia mara moja.

"Maji ya kunywa mmeyachemsha?" aliuliza.

"Tumechemsha."

"Marahaba, mwanangu."