Kumbe saa tu! Staa nusura amtimue dogo wa tovuti

Msanii mmoja wa kike hapa Dar nusura amtimue dogo anayemwendeshea tovuti, tena wiki ya kuachia ngoma. Kila akiingiza zile namba sita za kwenye simu, zinakataliwa. Akajua tayari, dogo kaiteka tovuti, anataka dau lipande.

Dogo hakubishana. Akaingia kwenye seva, ni ya Linux, akaandika timedatectl. Saa iko nyuma dakika nne! Zile namba hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, sasa simu na seva zingeelewana vipi? (Ingekuwa saa tatu kamili, hapo ni seva kusoma UTC tu. Dakika nne ni saa yenyewe kupotea.)

Programu ya chrony, kazi yake kunyoosha saa, ilikuwa inauliza bila kujibiwa. Fayawoli ilikuwa imeziba poti ya UDP namba 123. Akaifungua, akasubiri majibu yaanze kuja, akapiga chronyc makestep. Saa ikakaa sawa, namba zikakubali.

Dada kamtumia "asante mdogo wangu" na vimoyo viwili. Samahani hakuna, na hela ya mwezi uliopita bado.