Dhamana ya Mtambo na Dhamana ya Mikono

Katika nchi yetu neno dhamana husikika zaidi mahakamani na benki kuliko nyumbani. Mtuhumiwa hudhaminiwa, shamba huwekwa dhamana, na kiongozi anapoapishwa huambiwa amekabidhiwa dhamana ya wananchi. Lakini lipo swali dogo ambalo raia wa kawaida hukutana nalo mara nyingi kuliko hayo yote: fundi akishamaliza kazi na kuondoka, kisha kazi ile ikaharibika, mzigo ni wa nani? Mwaka huu familia yangu imelazimika kulijibu kwa fedha zake, na naona jibu lake linawahusu pia ninyi mnaosaini mikataba kwa niaba ya umma.

Tunaishi Kigamboni, si mbali na bahari. Viyoyozi vyetu viwili vilikuwa vya zamani, vya gesi ya R-22, ambayo chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 inaondolewa hatua kwa hatua kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kula mitambo ya nje, na kujaza gesi kila baada ya miezi michache kulikuwa sawa na kumimina maji katika pakacha. Mama yangu, ambaye amevuka miaka 70, anaishi nasi, na joto la Desemba hadi Machi humnyima usingizi. Kwa hiyo tuliamua kununua viyoyozi vipya viwili, kila kimoja cha BTU 12,000.

Nilikusanya profoma tatu. Ya kwanza ilitoka kwa fundi kijana anayejitegemea: shilingi 2,400,000, vifaa na ufungaji, kwa kutumia mabomba ya shaba yaliyokuwapo ukutani. Ya pili ilitoka dukani: shilingi 2,750,000, na juu yake yameandikwa kwa herufi kubwa maneno "dhamana ya miaka 5". Ya tatu ilitoka kwa kampuni ya wakandarasi: shilingi 3,000,000, mabomba mapya, kifaa cha kulinda umeme kwa kila mtambo, na sentensi moja fupi iliyosema kwamba kazi ya ufungaji ina dhamana ya miezi 12.

Jicho la haraka lingechagua ya kwanza kwa bei, au ya pili kwa miaka mitano. Lakini miaka mitano ile, nilipoisoma vizuri, ilikuwa ya kompresa peke yake; vipuri vingine vilikuwa na mwaka mmoja, na kuhusu kazi ya fundi hapakuwa na neno. Maana yake ni hii: kompresa ikifa mwaka wa tatu, nitapewa kompresa. Gharama ya kuifungua ya zamani, kuchomelea mpya, kuvuta hewa na kujaza gesi upya itabaki kwangu. Tena kompresa nzuri haifi hovyo. Mara nyingi huuawa na gesi iliyovuja kwenye kiungo kisichokazwa sawasawa, unyevu ulioachwa ndani ya mabomba, au umeme unaopanda na kushuka. Kwa maneno mengine, kiwanda hudhamini kile kisichoharibika upesi, na kile kinachoharibika upesi huachwa mikononi mwa mtu ambaye hatujaandikiana naye chochote.

Mabomba nayo yana hoja yake. Gesi ya R-410A hufanya kazi kwa mgandamizo unaozidi ule wa R-22 kwa zaidi ya nusu, na R-32 iko karibu na kiwango hicho hicho. Mafuta ya kompresa nayo si yale yale. Kuunganisha mtambo mpya na mabomba yaliyokwisha kuliwa na chumvi, bila kuyasafisha wala kuyapima, ni kuokoa shilingi leo kwa kukopa hasara ya kesho.

Nilimpigia simu yule kijana, nikamwuliza kwa nini hakuandika dhamana. Jibu lake halikuwa la ujanja. "Dokta," alisema, "nikikuandikia mwaka, halafu umeme ukarudi na nguvu ukaunguza bodi, mimi nitakulipa na nini? Hiyo kazi yote inaniachia laki mbili."

Ndugu zangu, hapo ndipo palipo na siasa ya jambo hili. Dhamana ya kazi si ushahidi wa uaminifu peke yake. Ni ushahidi wa mtaji. Mwenye akiba anaweza kuahidi kurudi, asiye na akiba hawezi, hata kama mikono yake ni bora zaidi. Nilipomwuliza meneja wa ile kampuni ya tatu nani humlipa fundi anaporudishwa kurekebisha, alijibu kwamba fundi hulipwa kwa kila mtambo aliofunga, na kurudi ni "sehemu ya kazi". Ile miezi 12 ninayouziwa, basi, huenda inagharimiwa na nauli na jasho la kibarua.

Sheria yetu ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo. Taabu ni kuyathibitisha. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali inalijua hilo, ndiyo maana mikataba yake ya ujenzi huwa na kipindi cha matazamio, na sehemu ya malipo huzuiwa hadi kasoro zirekebishwe. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mara nyingi kutaja udhaifu katika usimamizi wa mikataba. Chombo tunacho. Kinachokosekana ni mtu wa kukishika siku ya makabidhiano, pale ambapo kusaini ni rahisi kuliko kupanda juu ya dari.

Nilichagua profoma ya tatu, kwa masharti. Kwanza, shilingi 300,000, yaani asilimia 10, zibaki kwangu kwa miezi mitatu. Niliomba sita, tukakubaliana hiyo. Pili, iandikwe kwamba dhamana inahusu uvujaji wa viungo, bomba la maji na waya, na kwamba fundi atafika ndani ya siku tatu baada ya taarifa. Tatu, mabomba yapimwe kwa naitrojeni na hewa ivutwe kwa pampu kabla gesi haijafunguliwa, nami nione saa ya kipimo. Nne, risiti ya EFD. Ombi langu la tano, kwamba fundi alipwe kila anaporudishwa kwa kosa lisilo lake, meneja alilikataa. Alisema hayo ni mambo ya ndani ya ofisi. Sikuwa na nguvu ya kumlazimisha, na mteja mmoja mmoja hatakuwa nayo. Hiyo ni kazi ya vyama vya wafanyakazi na ya sheria.

Yule kijana nilimwajiri kwa siku moja, kwa shilingi 50,000, asimamie ufungaji kwa niaba yangu. Alisimama na saa ya kipimo mkononi, akakataa kiungo kimoja, kikakatwa na kufungwa upya. Mafundi wenzake hawakufurahi, lakini hawakubisha.

Wanafunzi wangu wanaosomea utawala wa umma hupenda kuniuliza uwajibikaji huanzia wapi. Naomba safari hii wachukue profoma yoyote iliyo mezani kwao, ya paa, ya kisima au ya barabara, watafute mstari unaoeleza nani atarudi, kwa gharama ya nani, na ndani ya siku ngapi. Mstari huo usipokuwapo, wasilinganishe bei kwanza.