Kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kwenda Angani

Kisumu,
Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alipitia hapa akitoka ufuoni Dunga na beseni lake la omena, akalalamika kwamba katuni za Kijapani zimekuteka hadi daftari la fizikia limelala. Aliniachia juzuu zako za mwanzo ili nikukanye. Nimezisoma, na sitakukataza. Nakuomba tu uzisome kwa makini zaidi.

Hadithi hiyo ya Asumi Kamogawa, *Twin Spica* ya Kou Yaginuma, ilianza kuchapishwa Japani mwaka 2001 na kufika juzuu 16. Naelewa kwa nini imekugusa: msichana mfupi wa kimo, aliyempoteza mama kwa ajali ya roketi, bado anatamani kupanda roketi. Lakini utazame tena mtihani wake wa kuingia shule ya anga. Hapandishwi chombo chochote. Anafungiwa chumbani siku saba pamoja na wasichana wawili asiowajua, wapange vipande vya domino, kimoja kimoja. Mkono ukiteleza, vinaanguka, wanaanza upya. Mle ndani mna uchovu, mna kununiana, kisha mna kupatana. Mwanaanga anapimwa kwanza kwa subira yake na kwa namna anavyoishi na wenzake. Hilo ndilo ninalotaka ulishike: kutamani umeshatamani, sasa shika kazi ya mwanafunzi.

Wala usidhani mambo haya ni ya Wajapani peke yao. Karibu na Malindi Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, San Marco, na kati ya 1967 na 1988 roketi zilipeleka setilaiti angani kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliruka setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei ya anga za mbali. Ikapewa jina Uhuru. Pwani yetu ilifaa kwa sababu iko karibu na ikweta, na kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na kasi hiyo huipa roketi msukumo wa bure. Ndiyo ikweta ile ile unayoivuka pale Maseno.

Enzi hizo Kenya ilitoa mahali. Chombo na hesabu vilitoka kwa wageni. Mei 2018 mambo yalibadilika. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake, 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ikaachiliwa kutoka Kibo, maabara ya Wajapani katika kituo cha kimataifa cha anga. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 ikaruka Taifa-1, kazi ya wahandisi Wakenya wakishirikiana na Wabulgaria. Safari hiyo iliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa. Waliohusika walingoja, wakajipanga tena.

Basi nasaha zangu ni tatu.

Kwanza, fanya hesabu na fizikia kila siku, hata siku ambayo huna hamu. Mlango wa kazi hii unafunguliwa na masomo hayo.

Pili, usidharau kazi ya anga inayofanyika ardhini. Hakuna Mkenya aliyewahi kwenda angani, na huenda nawe usifike. Lakini magugu maji yanapoziba Dunga, mitumbwi hukwama na mama yako hukosa samaki wa kuuza. Picha za setilaiti huonyesha magugu yametanda wapi na yanahamia wapi. Anayejua kuzisoma picha hizo anaweza kumwonya mvuvi kabla hajatia wavu. Hiyo ni kazi ya heshima, na ziwa letu linaihitaji.

Tatu, usimfiche mama. Asumi aliomba nafasi ya shule bila kumwambia baba yake, na jambo hilo lilimuumiza mzee aliyemlea peke yake kwa jasho. Mama yako huamka alfajiri kwa ajili ya karo yako. Ana haki ya kuisikia ndoto yako kutoka kinywani mwako, wala asiigundue chini ya godoro.

Ukija likizo ya Agosti, keti naye umweleze, nami nitakuwepo. Usimwahidi roketi. Mweleze unataka kusomea nini, chuo gani, na alama gani zinahitajika. Kisha umwonyeshe daftari la fizikia likiwa limejaa. Kitabu cha marudio nitakununulia mimi, na juzuu inayofuata pia.

Mungu akutangulie katika masomo yako.

Akupendaye,
Mjomba wako