ALICHOMA LAKI MBILI KWA PATASI ZA MTANDAONI, KUMBE ALIHITAJI MBILI TU

Picha za Shungimbili lazima umeshakutana nazo Instagram. Kisiwa kidogo kaskazini magharibi mwa Mafia, mchanga mweupe, maji ya bluu, na nyumba moja ya kifahari ambayo mgeni akiitaka anakodi kisiwa kizima. Tangu 2007 eneo lile ni hifadhi ya bahari. Wengine wote tunakiona kwa mbali.

Kuna kijana wa Kilindoni anayekiona hivyo kila wiki, maana anafanya kazi kwenye boti. Miaka 24, kidato cha nne kamaliza, ajira ya kudumu hana. Msimu wa wageni ukiisha, na hela inaisha.

Mshkaji ana jicho lakini. Aligundua wageni wanakuja Mafia kuogelea na papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana sana pale Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Ila wakiondoka, vinyago mkononi ni twiga na tembo. Twiga Mafia? Tembo Mafia? Akasema hapa kuna biashara: atachonga potwe.

Mchumba wake, msusi wa nywele, akampa mgao wake wa kikoba. Laki mbili taslimu, bila kuandikishana. Jamaa akaagiza mtandaoni seti ya patasi 12, boksi linang'aa balaa. Akatafuta na kipande cha mpingo, kwa sababu ameona video za Wamakonde wa Mwenge, Dar.

Siku ya kwanza patasi mbili zilipinda makali. Siku ya tatu moja ilimteleza ikaingia kiganjani. Wiki mbili hakushika kamba ya boti, maana yake wiki mbili bila hela. Mchumba alipouliza hela yake iko wapi, akaoneshwa boksi. Baada ya hapo meseji zake jamaa zikawa zinaishia kwenye tiki za bluu.

Mwisho alienda Chole, kisiwa cha mafundi wa majahazi, kumuona mjomba wa yule binti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lete hilo boksi lako."

Mzee akapitisha kidole kwenye patasi moja, akacheka. "Mwanangu, hizi za kufungulia soda."

Kumbe tatizo halikuwa mikono ya dogo. Alianza na chuma laini juu ya mti mgumu. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba unatengenezewa klarineti huko Ulaya. Wamakonde wanauweza kwa sababu wana tezo nzuri, wananoa kila saa, na wengi wameanza utotoni. Anayeanza leo aanze na mti laini, na Mafia imejaa miembe. Tawi lililopunguzwa na jirani linatosha. Mikoko usiguse, inalindwa kisheria. Na usiende kuokota magogo hifadhini.

Vifaa alivyopewa na mzee ni hivi tu: kisu kimoja kifupi, patasi bapa moja, na patasi ya mviringo moja, ile mafundi wa zamani wanaiita bobari. Juu yake nyundo ya mti, msasa, na kinoo.

Kinoo ndiyo habari yenyewe. Wiki nzima ya kwanza hakuchonga chochote, alinoa tu. Ulalo wa makali uwe nyuzi 25 hivi, ukizidi kusimama haukati, ukilala sana makali yanamenyeka. Ukitaka kujua kama patasi imekubali, kata mti laini kwa kukingama. Ukiacha alama safi inayong'aa, twende kazi. Ukiacha manyoya manyoya, rudi kwenye kinoo. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu inakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na ikiteleza hujui inaishia wapi.

Mengine aliyoambiwa: mti ufungwe kwenye jiliwa au ubanwe vizuri, usishikwe kwa kiganja. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Fuata nyuzi za mti kama unavyompapasa paka. Ukienda kinyume unachanika. Na mwembe mbichi unachongeka kirahisi ila ukikauka haraka unapasuka, kwa hiyo jioni ufunge na gunia uweke kivulini.

Potwe wa kwanza alifanana na kiatu. Wa tano akawa potwe. Wa nane, urefu wa kiganja, mgeni mmoja akamnunua pale ufukweni kwa 30,000.

Jamaa akaituma yote kwenye simu ya mchumba. Jibu likaja baada ya saa mbili:

"Bado 170,000."

Aisee! Lakini angalau amejibu. Na yule potwe anayefanana na kiatu, watu wanasema yuko saluni kwake, juu ya kioo.

Jamaa bado anauota mpingo, maana mti ule una weupe nje na weusi ndani, na potwe ana tumbo jeupe na mgongo wa rangi nzito. Mzee kamwambia asubiri mwaka.

Haya wadau, dada angekuwa wewe, ungemrudia sasa hivi au mpaka laki mbili itimie? Na kama unataka kuanza kuchonga, hela ya kwanza nunua kinoo. Dondosha komenti yako hapo chini.