Ukurasa wa Mahitaji

Kwenye mapishi, neno "mahitaji" tunalijua wote: ndizi, maharage, kitunguu, chumvi. Mwenye jiko hajiandikii orodha hiyo, maana kila kitu anacho. Anamwandikia aliye mbali.

Programu za kompyuta nazo zina ukurasa wa mahitaji: kabla hujaijenga programu kutoka kwenye msimbo wake, uwe na lugha ipi, toleo la ngapi, na vikorokoro gani vingine. Nilianza kuusoma kwa jicho la mhariri kwa sababu ya kijana mmoja, jirani yangu hapa Bukoba, anayejifundisha mwenyewe. Ukurasa aliokuwa anaufuata ulitaja toleo fulani kuwa linatosha. Akalipakua, bando likaisha, programu ikagoma. Akanunua bando jingine, ikagoma tena. Kumbe msimbo ulishahamia toleo jipya, ukurasa ukaachwa nyuma. Lakini yeye hakuulaumu ukurasa. Aliniambia, "Kaka, nadhani kichwa changu kizito."

Pesa ya bando inauma, ila sentensi hiyo iliniuma zaidi.

Wala aliyeuandika ule ukurasa hakudanganya. Chukua OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kutumika mapema kule Eldoret, Kenya. Matoleo ya 1 yaliweza kuendeshwa kwa Java za zamani. Toleo la 2.0 likadai Java 8. Yaani sentensi kama "Java 6 inatosha" inaweza kulala ikiwa kweli na kuamka ikiwa uongo, bila mtu kugusa hata nukta. Habari yangu ya gazetini inalindwa na tarehe iliyo juu yake. Ukurasa wa mahitaji haulindwi hivyo. Kila anayeufungua anauamini kama umeandikwa leo.

Kwa hiyo anayebadili msimbo abadili na ukurasa siku hiyohiyo, kisha aufuate mwenyewe hatua kwa hatua kwenye kompyuta tupu. Akitumia ile aliyoizoea hataona kosa. Ina kila kitu tayari. Aliyekwama ndiye anayeliona.

Ndiyo maana nilimwambia kijana awaandikie wenye programu: mstari upi, namba ipi. Alituma sentensi mbili, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Zilieleweka.